Ushauri: Namtafuta babu kwenye Mambo Leo, nimenasa kwenye ugomvi wa malenga

Mpekuzi: Wakuu, shikamooni mnaostahili. Babu mzaa baba alikuwa mwalimu Muheza, na nyumbani tumekua tukiambiwa shairi lake lilitoka gazeti la Mambo Leo miaka ya 1930. Nikaomba ruhusa maktaba ya chuo kimoja, nikaanza kufunua nakala. Huu ni mwezi wa nne nafunua, babu sijamwona! Badala yake nimekutana na malenga wawili wanaopigana mafumbo. Gazeti lilikuwa la kila mwezi, kwa hiyo mtu anasutwa Machi, jibu analitoa Aprili au Mei. Na toleo ninaloamini lina jibu halipo kabatini. Usingizi sipati. Mke wangu anasema nimeoa magazeti. Niendelee au niache?

Kibuyu: Umesharogwa mkuu, karibu. Mimi niliingia kutafuta tangazo la shamba, nikatoka na daftari zima la barua za wasomaji wakilalamikia vijana wa siku hizi. Vijana wenyewe ndio babu zetu.

Mama Zuberi: Mwanangu, unatafuta kichwani, babu yuko mkiani. Malenga wa zamani walizoea kujitaja ubeti wa mwisho: jina, lakabu, au mji wao. Waulize wazee wenu aliitwaje kwa utani. Halafu usikazanie tahajia. Kamati ya kusanifisha Kiswahili iliundwa 1930, lakini majina ya watu hayakuingoja: Khamis, Hamisi, Hamis, wote fuata.

Mkavu: Kila unachokuta andika mwezi, mwaka na ukurasa, hata kama ni upuuzi. Mimi nilidharau, nikarudia nakala za mwaka mzima kwa ajili ya mstari mmoja. Tena kumbuka Mambo Leo lilianzishwa 1923 na serikali ya Mwingereza, kwa hiyo manung'uniko makali ya wenyeji usiyatarajie mle. Ukitaka sauti nyingine, tafuta Kwetu, gazeti la Mwafrika Erica Fiah, lililoanza Dar es Salaam 1937. Toleo lako lililopotea jaribu Nyaraka za Taifa.

Mpekuzi: Mama Zuberi, Mungu akuweke. Shangazi anasema babu aliitwa Kinyonga, na hakuna aliyewahi kuniambia! Jumatatu naanza upya, safari hii kwa beti za mwisho. Mke bado amenuna, ila jana usiku taa zimeshazimwa akaniuliza, "Hivi yule wa Machi alijibiwa nini?"