Vituo vya kuzamia Zanzibar, mtakuja kuua mtu na hizo maski zenu zilizochoka!!

Wakuu, nimevurugwa. Mdogo wangu wa kike kajichangisha weee mpaka akapata hela ya kozi ya kuzamia kwenye kituo kimoja huku Nungwi (sikitaji, wenyewe wanajijua), tena bei ya dola. Jana karudi nyumbani weupe wa macho wote damu tupu, na usoni kavilia duara zima la maski. Nampigia instrakta ananijibu eti ni maji ya chumvi tu hayo kaka, yataisha.

Maji ya chumvi?? Sisi tumekulia pwani, tangu lini maji ya chumvi yakamvilisha mtu damu?

Nikamuuliza mdogo wangu mwenyewe alifundishwa nini kuhusu maski, anasema aliambiwa "usitumie pua kabisa, pumua kwa mdomo", basi, kozi imeisha hapo. Kupumua ni kwa mdomo sawa, lakini unaposhuka LAZIMA utoe hewa kidogo kidogo kwa pua ndani ya maski. Ukifika mita 10 presha ni mara mbili ya huku juu, hewa ya ndani ya maski inasinyaa inabaki nusu, kioo hakisinyai, kwahiyo kinachovutwa ni uso wako na macho yako, vimishipa vinapasuka, ni kama umepigwa chuku (ile pembe ya kunyonyea damu) usoni. Ndo maana maski ya kuzamia inafunika pua na miwani ya kuogelea haifai kushukia. Hili ni somo la siku ya kwanza jamani!

Vifaa sasa. Nimeona picha aliyopigwa kwenye boti, mkanda wa maski umechanika pale kwenye bakoli (kile kibano cha kukazia mkanda) umeshikilia kidogo tu, silikoni imekuwa ya njano. Na kwa vile ni kusi maji yamepoa wakampa hudi (ile kofia ya kuzamia inayofunika kichwa mpaka shingo), inambana shingo hatari. Kasema anasikia kizunguzungu kabla hata hajaingia majini, akajibiwa atazoea. Atazoea nini? Hudi ikibana shingo inakandamiza mishipa mikubwa ya damu ya kichwani, mapigo ya moyo yanashuka, mtu anaweza kuzimia huko chini. Hiyo inavuliwa hapo hapo, hakuna mjadala.

Tena ndani ya hudi alijifunga kilemba chepesi kama mabinti wengi wa huku, pindo likapita kwenye paji la uso chini ya mpira wa maski, maji yakawa yanaingia mwanzo mwisho. Kukirudisha nyuma kile kitambaa ni sekunde mbili na hakuna aliyejisumbua! Wala hakuna aliyemwambia aivute hudi pembeni maji yaingie kidogo, hewa isinaswe masikioni. Maelezo walipewa boti inatembea injini inanguruma, kukaguana wawili wawili kabla ya kuruka hakukuwepo.

Daktari kasema macho yatapona, ila hela ya daktari kituo kitalipa, kesho naenda na picha mkononi. Wanaozamia wikiendi hii, weka maski usoni bila mkanda, vuta hewa kwa pua, ikidondoka mrudishie instrakta akupe nyingine, akigoma dai hela yako ushuke kwenye boti. Na kama kuna mwenzangu kapitia kituo hicho hicho aje PM twende pamoja.