MREJESHO: Jirani wa zizini aliyekuwa akimlisha farasi wangu

Habari zenu wakuu. Niliuliza nimfanyeje mwenzangu tunayelaza naye farasi zizi moja huku Karen, Nairobi: anampa wangu pumba na tufaha bila ruhusa, anaacha lango la malisho wazi, na brashi zangu anazichukua tu. Wengi mlisema nianze na mwenye zizi. Nilifanya hivyo.

Sasa kila mlango una kibao: jina la farasi, chakula chake, simu ya daktari wa mifugo, na kwa wino mwekundu, "Usimlishe bila kumuuliza mwenyewe." Yule dada alikuja kuniomba radhi. Kumbe hakujua kwamba farasi hawezi kutapika, na akila kisichomfaa tumbo likamsokota, anaweza kufa. Saisi wetu, yaani mtunza farasi, ndiye aliyemweleza, tena kwa upole kunishinda mimi. Lango anafunga siku hizi, namshukuru kwa dhati.

Brashi bado ni kesi. Juzi nimeikuta yangu imejaa manyoya meupe, na farasi wangu ni mweusi. Choa huambukizwa hivyohivyo! Nimenunua sanduku la kufuli, na Jumamosi nitamwambia ana kwa ana.