Mjadala: Motokaa, lori au treni, nani mwenye nguvu za kweli?

Mwanzishaji, Changamwe:

Waungwana, naleta hapa ubishi ulioanza jana baada ya isha kwenye baraza yetu, ukaendelea mpaka muuza kahawa akabeba dele lake akaenda zake. Vijana walikuwa wametoka kutazama The Fast and the Furious, ile ya kwanza ya 2001. Mwishoni magari mawili yanafukuzana kuelekea reli, treni inakuja, nayo yanavuka mbele yake kwa kukosakosa. Kijana mmoja akasema, "Si mmeona? Treni haifui dafu mbele ya Supra." Mzee aliyeendesha trela miaka mingi akaweka kikombe chini, akamwambia hajui asemalo. Toka hapo tukagawanyika: wa motokaa, wa malori, na sisi wachache wa treni.

Mimi niko upande wa treni, na natoa sababu zangu.

Tuanze na hesabu. Subaru Impreza STI inayotamaniwa na kila kijana hapa mjini Mombasa ina injini yenye nguvu za farasi 280, na uzito wake ni karibu tani moja na nusu. Kila tani ina farasi zaidi ya 180 wa kuivuta. Chukua sasa lori la Actros la farasi 400, ulipakie mpaka kikomo cha juu cha sheria ya Afrika Mashariki, tani 56. Kila tani inabaki na farasi 7. Halafu nenda Miritini ukatazame treni ya mizigo ya SGR, reli mpya ya kwenda Nairobi. Kichwa chake cha kuvutia mabehewa, aina ya DF8B, kina injini ya karibu farasi 5,000. Weka vichwa viwili mbele ya tani 4,000, na kila tani inapata farasi wawili na nusu.

Wawili na nusu, na mzigo unaenda Nairobi. Mji ule uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari yetu hii. Siri iko kwenye gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma. Tairi la mpira linabonyea kila linapozunguka, na kule kubonyea kunakula dizeli. Chuma kinagusana na chuma kwenye eneo dogo kama sarafu tu, kwa hiyo mzigo ukishaanza kwenda unateleza. Mwenye kuhamisha tani 4,000 ndiye mwenye nguvu. Kukimbia ni jambo jingine kabisa, na filamu zimetuzoesha kuvichanganya.

Haya, nipingeni.

Mchangiaji, Kisauni:

Ndugu yangu, umezungumzia mzigo peke yake kana kwamba sote ni makuli wa Kilindini. Nguvu ni pamoja na kustahimili. Mashindano ya magari ya Safari Rally yalianza 1953, na walioyashinda hawakuja na mitambo ya kutisha. Joginder Singh alishinda 1965 kwa Volvo PV544, akashinda tena 1974 kwa Mitsubishi Lancer ya injini ya lita 1.6. Lita moja na pointi sita! Injini kama hiyo leo unaiona kwenye gari la kupeleka watoto shule. Na bado ilipita matope, mawe na vumbi ambako magari makubwa zaidi yalikatika eksili. Hiyo nayo huiiti nguvu? Kama ukitaka farasi tupu, Bugatti Chiron inao 1,500 katika gari moja. Lori gani linao hao?

Dereva mstaafu, Mazeras:

Mwanangu wa Kisauni, nakujibu mimi maana lori ndilo lililonilisha.

Hao farasi 1,500 wanapatikana injini ikilia kwa mizunguko mingi. Nguvu ya kusokota shafti ya Chiron, inayopimwa kwa newton-mita (Nm), ni Nm 1,600. Lori la Scania 770 S lililotoka 2020 lina farasi 770 tu, nusu ya wale wako, lakini linasokota kwa Nm 3,700, zaidi ya mara mbili. Tena linaitoa chini kabisa, injini ikiwa inanguruma polepole. Ndiyo maana trela linaweza kuanza kuondoka katikati ya mlima likiwa na kontena la futi 40 mgongoni. Hiyo Chiron yako ifunge kontena uone klachi yake itakuwa na harufu gani.

Ila nataka kumwambia huyu wa Changamwe kitu. Nilipokuwa utingo, kabla sijapewa usukani, tuliteremka hapa Mazeras kuelekea Miritini tukiwa tumebeba mpaka juu. Dereva wangu alichelewa kushuka gia. Alipoanza kukanyaga breki, tukasikia harufu, ile harufu ambayo dereva wa trela haisahau, kama mpira na chuma vimechomwa pamoja. Nikachungulia kioo cha upande wangu: moshi mweupe unatoka magurudumu ya nyuma ya tela. Geji ya upepo wa breki ilikuwa sawa, breki zinashika, lakini ngoma zimeshakuwa moto mno hata hazisuguani tena. Alilisukumiza kwenye kingo ya udongo pembeni. Nikaruka na gogo langu la kuzuilia tairi, nikalipachika huku mikono inatetemeka. Akakaa kwenye usukani muda mrefu, kisha akaniambia, "Gia unashuka kabla ya mteremko. Ukishaingia, umechelewa." Neno hilo nimeendesha nalo mpaka nilipostaafu.

Basi nguvu ya lori ni kuupanda mlima, sawa, lakini ngumu zaidi ni kuushuka.

Mwanzishaji, Changamwe:

Mzee wangu, shikamoo. Umenipa nilichokuwa nakitafuta. Kusimama ndiko filamu zinakokuficha.

Pale kwenye reli ya zamani hapa kwetu nimewaona kwa macho yangu waendesha bodaboda wakivuka huku honi ya treni inalia, kwa sababu wanaiona bado iko mbali na inakuja polepole. Treni ya mizigo iliyobeba inahitaji kilomita nzima au zaidi kusimama. Dereva wa treni akikuona, ameshachelewa. Hana usukani wa kukukwepa, na akivuta breki zote bado atakufikia. Tani 4,000 kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa zina nguvu ya kugonga mara 70 ya lile trela la tani 56 katika mwendo uleule. Yule wa Supra aliyevuka kwenye filamu alipangiwa muda na watu waliolipwa. Wewe wa boda unapangiwa na nani?

Na wanaopenda filamu, tazameni Unstoppable ya 2010. Ina mengi ya kutiwa chumvi, lakini imetoka kwenye tukio la kweli la Ohio, Marekani, Mei 15, 2001. Treni ya mabehewa 47 iliondoka bila dereva kwa sababu aliteremka kugeuza swichi ya reli, akidhani breki imeshika. Ikaenda karibu saa mbili peke yake, na baadhi ya mabehewa yalibeba kemikali ya sumu. Kwenye filamu mtu anarukia treni kutoka kwenye pikapu inayokimbia. Kilichotokea kweli ni kwamba kichwa kingine kilifukuza kwa nyuma, kikajifunga, kikavuta breki mpaka mwendo ukashuka kiasi cha mtu kukimbia kwa miguu na kudandia. Hakufa mtu. Kwangu mimi hii ya kweli inasisimua kuliko ya pikapu: treni imezuiwa na treni, kwa kuwa hakuna kingine cha kuizuia.

Mchangiaji, Jomvu:

Mnazungumza vizuri, lakini mimi hili suala silioni kama la kubishania farasi tu. Mwaka 2019 serikali ilitoa amri kontena za bandarini zibebwe na SGR. Mombasa watu waliandamana. Madereva, matingo, mafundi wa tairi, akina mama wauza chakula kandokando ya barabara, wote walikuwa wanauliza watakula wapi. Septemba 2022 serikali mpya ikarudisha hapa Mombasa shughuli za kutoa mizigo zilizokuwa zimehamishiwa bara. Mkisema treni ndiyo mwenye nguvu, kuna mtu atasema basi apewe mzigo wote. Mwanzishaji, wewe unasemaje hapo? Usikwepe.

Mwanzishaji, Changamwe:

Sikwepi, ndugu yangu. Treni ni mwenye nguvu kupita wote, na hata hivyo napinga kumlazimisha mwenye mzigo. Treni inaishia stesheni. Kontena la mwenye kiwanda cha Mariakani au mwenye ghala Voi mwishowe litapandishwa lori, na kila kupandishwa na kushushwa kuna gharama na siku zake. Kwa mzigo mwingi uendao mbali, mahali pamoja, reli. Kwa mzigo wa mlangoni, lori. Mwenye mali achague kwa kulinganisha bei, asichaguliwe. Lakini na sisi wa barabara tukubali kwamba kila trela la kwenda mpakani Malaba linalopungua barabarani ni lami inayodumu na roho za watu. Nalisema hili nikiwa na ndugu wawili wanaoendesha trela.

Mwanafunzi wa uhandisi, Tudor:

Naomba kuongeza moja ambalo wazee wetu wa reli walilijua. Magarratt, vichwa vya treni vya mvuke, ya daraja la 59 yaliyojengwa Manchester na Beyer, Peacock miaka ya 1950 yalikuwa 34, kila moja lina uzito wa zaidi ya tani 250 na jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mount Gelai iko makumbusho ya reli Nairobi. Yalikuwa yanavuta kama tani 1,200 kutoka hapa mpaka Nairobi kwa mvuke, kwenye reli ya upana wa mita moja, na kwa reli ya upana huo ni miongoni mwa mitambo ya mvuke yenye nguvu zaidi iliyopata kujengwa. Boila moja, lakini chini yake seti mbili za mitambo ya magurudumu, moja mbele na moja nyuma, ili ipinde kwenye kona.

Sasa swali. Nguvu yote hiyo ikifika kwenye gurudumu na reli ikiwa na unyevunyevu wa asubuhi, gurudumu linazunguka bure palepale. Mnajua linasaidiwa na nini?

Dereva mstaafu, Mazeras:

Mchanga. Babu yangu alikuwa kwenye reli. Kichwa cha treni kina masanduku ya mchanga mkavu, dereva anaumwaga mbele ya magurudumu ndipo yashike. Hata vya leo vya dizeli vinao.

Mwanzishaji, Changamwe:

Hilo la mchanga sikulijua. Kesho nalipeleka barazani.