ESEE-4 au ESEE-6: nichukue ipi kwa kazi za porini?

Mpandaji_Moro
Wakuu, salaam. Kaka yangu anarudi kutoka Texas mwezi ujao, amekubali kuniletea kisu kimoja tu. Mchujo wangu umeishia kwa visu viwili vya Kimarekani, ESEE-4 na ESEE-6 (niviite Nne na Sita). Chuma ni kile kile cha kaboni, 1095. Unene ni ule ule, milimita 4.8, na kwa vyote viwili chuma kinapita ndani ya mpini hadi mwisho. Kinachotofautiana ni ukubwa. Nne ina ubapa wa sm 11.4 na urefu mzima karibu sm 23, gramu 227 bila ala. Sita ina ubapa wa sm 16.5, urefu mzima karibu sm 30, gramu kama 340.

Matumizi: nawapeleka vijana milima ya Uluguru, tunalala usiku mmoja au miwili, tunapiga hema kwenye viwanja vya wenyeji na kupika kwa kuni. Kuchonga vigingi, kukata kamba, kuchinja kuku, kupasua vijiti mvua ikinyesha. Naombeni jibu la "inategemea" mliache leo. Mtu aseme chukua hiki, kwa sababu hii.

Asha_Mlimani
Nne. Mimi naongoza wageni Kilimanjaro, na kule kuwasha kuni ni marufuku, wapagazi wanapanda na gesi. Kazi inayobaki kwa kisu ni vitunguu, kamba na vifungashio. Hata hiyo Nne naiona nzito. Sita nimewahi kuiona kiunoni mwa mgeni mmoja, ilishuka mlima haijachomolewa.

Mpandaji_Moro
Dada Asha, nimekupata, ila sisi hatuko Kilimanjaro. Kuni kwetu zipo, tena mbichi.

Fundi_Kinoo
Watu wanadhani kisu kidogo ndicho kinachokata laini, na kikubwa ni cha kukatakata ovyo. Kwa hivi viwili mambo ni kinyume kidogo. Angalia upana, kutoka mgongo hadi makali. Nne ina sm 3 na kitu, Sita inakaribia sm 4. Unene wa mgongo ni sawa. Kwa hiyo Sita ina nafasi ndefu zaidi ya kushuka kutoka unene ule hadi makali, na pembe yake inakuwa nyembamba. Nne inabeba mgongo ule ule mnene kwenye upana mdogo, basi inakuwa kama kabari.

Jaribu kwa kiazi kitamu kibichi. Makali ya Nne yakifika katikati utasikia "ta!", kiazi kimepasuka kabla hakijakatwa, na vipande havilingani. Sita inapita mbali zaidi kabla ya kupasua. Lakini mpe mtu huyo huyo Sita amenye kiazi hicho, utaona ncha iko huko mbali na kidole gumba hakijui kishike wapi.

Kwa hiyo hoja ya kuchukua Nne isiwe "inakata vizuri". Iwe "iko karibu na mkono". Ukichonga kigingi au kumtoa kuku utumbo, unataka ncha unayoiongoza bila kufikiri. Hapo Nne haina mpinzani.

JuaKali_254
Boss, mbona unajitesa? Nenda Kamukunji, Nairobi, chukua panga na tupa ya kulinolea, halafu nunua kakisu kadogo ka jikoni. Chenji itakayobaki lipia nyama. Sita ni panga lililokatwa nusu.

Mpandaji_Moro
Hahaha. Panga nimelizoea tangu utoto. Nataka kitu kimoja cha kufunga kwenye mkanda.

Fundi_Kinoo
JuaKali ametania lakini kagusa penyewe. Panga linakata kwa kasi. Ni refu, ni jembamba, uzito uko mbele, unalirusha na lenyewe linafanya kazi. Sita ukiirusha kwenye tawi unachoka wewe kabla ya tawi. Inakata, sikatai, ila gramu 340 zenye nusu ya uzito mkononi haziwezi kushindana na panga la bei ya chakula cha mchana.

Pale Sita inapolipa ni kwenye kupasua kwa gongo. Unasimamisha kipande cha kuni, unaweka makali juu, unagonga mgongo wa kisu kwa gongo la mti. Ili uendelee kugonga kisu kikishazama, lazima ncha itokeze upande wa pili walau vidole viwili. Kwa Nne hiyo inamaanisha kuni isizidi sm 7 au 8. Kwa Sita unafika sm 12. Tena Nne inawatosha watu wengi kwa hili, maana lengo lenyewe ni kufikia moyo mkavu wa kuni iliyolowa, upate maranda ya kuwashia. Nani anapasua gogo kwa kisu?

Ole_Narok
Na hakuna aliyetaja sime. Sisi tulishamaliza huu mjadala. Sime linapanuka kuelekea mbele, uzito wote uko kule, na liko kiunoni siku nzima hata ukikimbia. Mafundi wanalifua kwa springi za gari au mapanga ya zamani. Mbuzi, matawi ya boma, kila kitu.

Ila nitakuwa mkweli: kwa hiyo kazi ya gongo halifai. Lina makali pande mbili, mgongo wa kugonga huna. Na kumenya kiazi kwa sime ni kutafuta daktari.

Mvuvi_Pangani
Kabla hamjafika mbali, 1095 si chuma cha pua. Rangi ile iliyopakwa inalinda ubapa, lakini makali yenyewe yako wazi, kwa sababu yamenolewa juu ya rangi. Katia samaki, kamulia ndimu, kirudishe kwenye ala bila kukifuta, asubuhi makali yana madoa ya chungwa. Ala ni ya plastiki ngumu, unyevu ukiingia unakaa humo humo.

Dawa ni rahisi: futa, kausha, paka mafuta ya nazi kidogo. Mafuta ya alizeti yakikaa yananata na kushika mchanga, ya nazi hayana shida hiyo. Kwa mtu wa pwani ningesema aangalie Nne ya chuma cha S35VN, hiyo haipati kutu kirahisi, ila kuinoa ni kazi na bei imepanda. Wewe wa mlimani, 1095 inakutosha. Unainoa kwa kinoo chochote.

Mdau_Leeds
Kwa wa huku Uingereza ukubwa hausaidii kitu. Sheria ya 1988 inasema kisu kisichokunjika ukitembea nacho mtaani bila sababu ya msingi ni kosa, kiwe kifupi au kirefu. Kinachoruhusiwa bila maswali ni kile cha kukunja ambacho ubapa wake haukazwi kwa kufuli ukikunjuliwa, makali yasiyozidi inchi 3. Na huyo kaka akumbuke kwenye ndege: begi la kukabidhi, siyo la mkononi. Kuna watu wanasahau hadi wafike kwenye mashine.

Asha_Mlimani
Nirudi kwa mwenye mada. Umesema mnalala kwenye viwanja vya wenyeji. Nyumba gani Uluguru haina panga?

Mpandaji_Moro
Hakuna. Juu ya Morningside, kule mlimani, kila uwanja una panga limechomekwa kwenye mgomba.

Asha_Mlimani
Basi kazi ya Sita unayo bure, tena kwa zana iliyo bora kuliko Sita. Kazi ambayo panga haliwezi ndiyo ya Nne.

Fundi_Kinoo
Nakubali, kwa safari zako hizo. Ningekuwa naingia msitu usio na nyumba, bila panga, na chombo kimoja tu, ningebeba Sita na ningevumilia kumenya vibaya. Wewe huko haupo.

JuaKali_254
Kwa hivyo panga limeshinda. Nilisema.

Mpandaji_Moro
Nimemwandikia kaka, ni Nne ya 1095. Mafuta ya nazi mama anayo. Swali la mwisho: kinanolewa wapi kwa kuanzia? Jamaa wa kunoa visu kwa baiskeli anapita mtaani kwetu kila Jumamosi.

Fundi_Kinoo
Usimpe! Gurudumu lile kavu linachemsha makali. Ukiona rangi ya bluu imetokea ukingoni, ugumu umeshaondoka pale, na kila ukinoa kitabutuka mapema mpaka umalize sehemu ile yote. Tafuta kinoo cha pande mbili, loweka maji, egemeza kisu kwa nyuzi kama 20, vuta taratibu pande zote sawasawa, halafu malizia kwenye mkanda wa ngozi. Kwa 1095 ni dakika kumi, na usisubiri kibutuke kabisa ndiyo uanze.