Tupeane uzoefu: ulichoandika chini ya habari ya mtandaoni kiliwahi kubadilisha chochote?

Mkwaju (mleta mada)

Wakuu, salaam. Habari ikiwekwa tu mtandaoni, huko chini tunajazana: "tumechoka", "nchi hii bwana", vicheko, kisha tunahamia nyingine. Mimi nataka zile chache ambapo neno la msomaji lilifika mahali. Naanza mwenyewe.

Iliandikwa kwamba mradi wa maji wa kata yetu umekabidhiwa, na picha ya mgeni rasmi akikata utepe. Maoni yote yalikuwa pongezi. Mchana huohuo nikaenda kwenye kituo cha kuchotea maji nikapiga picha: koki imefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, ndoo zimepanga foleni tangu alfajiri, kavu. Nikaiweka chini ya habari na mstari mmoja: "Maji hayajatoka tena tangu wageni waondoke." Mhariri akanifuata inboksi. Akaitaka picha ileile, ila niitume kama dokumenti ili tarehe ya kupigwa isifutike, na akaomba majirani wa kuzungumza nao. Habari ya pili ikatoka na maelezo ya fundi: pampu ya siku ya sherehe ilikuwa ya kuazima! Ya kwetu ililetwa baadaye, kimyakimya. Zile pongezi bado zipo, hakuna aliyezifuta.

Haya, leteni.

MtuWaKisumu

Ndugu, yangu ni ya Agosti 2022. IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, iliweka kwenye tovuti fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, vituo zaidi ya 46,000, yeyote apakue. Vyombo vya habari vikawa vinajumlisha kila kimoja kivyake, hesabu hazifanani, na mtaani kila mtu ana rais wake. Jioni ya kura nilikuwa nimeipiga picha fomu iliyobandikwa mlangoni pa darasa tulimopigia kura. Nikapakua ya tovuti, nikaziweka kando kwa kando. Sahihi za mawakala zilezile, hata ile saba ya karani inayotaka kuwa moja. Nikazituma kwenye kundi la familia, ambako binamu alikuwa anaapa kituo chetu kimechezewa. Akanyamaza kidogo, kisha akahamia kituo kingine! Lakini wengine wakaanza kutafuta fomu za vituo vyao wenyewe, na mabishano yakawa ya kusoma tarakimu badala ya kutukanana.

Septemba 5 Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi wake wa kesi ya kupinga matokeo, na ikasema haikuona tofauti ya maana kati ya fomu za tovuti na zile zilizofikishwa Bomas, kituo cha kitaifa cha kujumlishia kura. Mgombea wangu alishindwa. Angalau safari hiyo nilijua ameshindwaje.

Mzee wa Mtwapa

Nyinyi mmekuta njia imeshalimwa. Desemba 30, 2007, machafuko ya uchaguzi yalipoanza, serikali ya Kenya ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, watu wote tukakimbilia intaneti. Mimi nilikuwa Marekani kikazi. Tulikuwa tunaulizana kwenye Mashada, jukwaa la mtandaoni la Wakenya, nani yuko salama, nani hapatikani. Haikuchukua muda pakawa pahali pa kutukanana makabila, mpaka mwanzilishi wake, David Kobia, akafunga. Wapo waliosema amezima sauti za wananchi. Mimi nilikuwa nasubiri jibu la mtu wa Burnt Forest, kule Bonde la Ufa, palepale, na bado naona alifanya sawa.

Kobia huyohuyo alikuwa mmoja wa waliounda Ushahidi Januari 2008: unatuma taarifa kwa SMS au kwa tovuti, tukio linawekwa kwenye ramani. Wapi, lini, nini. Ukabila wako ungeuandika wapi hapo?

BintiUsambara

Mkwaju, wewe ulipata mhariri mwenye moyo. Mimi nilikuwa na blogu ya habari za wilaya. Zikaja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za Tanzania za 2018: maombi, leseni na ada ya mwaka, jumla shilingi milioni mbili na ushee, na mimi mtangazaji wangu mkubwa ni duka la vifaa vya ujenzi. Pesa ningechangisha. Kilichonishinda ni kwamba maneno ya msomaji nayo yakawa mzigo wangu: ukiambiwa yaondoe, ulikuwa na saa 12. Nani atakesha? Nikafunga sehemu ya maoni.

Wasomaji hawakulalamika, walihamia WhatsApp, ambako diwani hawaoni na mimi siwaoni. Hao ndio walikuwa wananisahihisha bei ya mbolea, jina la kitongoji, hata marehemu ni ndugu wa nani. Tangu siku hiyo blogu yangu haikuwa na makosa, maana hapakuwa na wa kuyaonyesha.

Mutua_Machakos

Yangu fupi. Juni 2024, Mswada wa Fedha wa Kenya. Watu walikuwa wanauchambua kifungu kwa kifungu kwenye X, lakini shangazi hayuko X. Nikamrekodia kwa Kikamba: VAT ya 16% kwenye mkate, kodi ya 2.5% kwenye gari. Akaipeleka kwenye chama chake. Baadaye sauti yangu ilinirudia kutoka kwa mtu nisiyemjua, akiniambia "sikiza huyu kijana". Ya mkate iliondolewa mapema. Mswada wenyewe rais alikataa kuutia sahihi Juni 26, kesho yake baada ya vijana kupigwa risasi Bungeni. Kwa hiyo sijui nihesabu nini hapo.

BintiUsambara

Mkwaju, swali. Hiyo picha ikienda kama dokumenti, si inabeba mpaka mahali ulipopigia?

Mkwaju

Inabeba, kama kamera yako imeruhusiwa kusoma mahali ulipo. Kwangu haikuwa shida, koki iko barabarani na kata nzima inaijua. Ikiwa jambo linamgusa mkubwa, zima ruhusa hiyo kabla hujapiga. Na usianze kwa kuibandika hadharani kama nilivyofanya mimi, mtafute mhariri kwanza, muulize jina lako litakaa wapi.