Kigoma: Mgeni akija ngoma ni fahari ya mkoa, tukiomba mkopo ngoma siyo kazi

Wakuu, mwakeye.

Nimeandika barua nne kwenye ofisi moja huku kwetu na sijajibiwa hata moja, kwa hiyo leo naandika hapa. Mwenye sikio asikie.

Mimi ni mpiga ngoma. Tuko 14 kikundini, mabinti sita na wavulana wanane, mkubwa wetu ana miaka 31. Tunapiga na kucheza ngoma za Kiha. Tumesajiliwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, cheti kipo, akaunti ya benki ipo, katiba ipo, daftari la mapato na matumizi lipo na nalitunza mimi mwenyewe. Mkoa wa Kigoma una halmashauri nane, ya kwetu sitaitaja. Nikiitaja watanitafuta, halafu pia najua wenzangu wa halmashauri nyingine wataona habari hii ni yao.

Machi mwaka huu tuliitwa kumpokea mgeni. Barua ilisema tuwepo saa 12 asubuhi, sare kamili, "kikundi kitajitolea kwa uzalendo". Saa 12 tukawepo. Tuna dada mmoja anauza dagaa, siku hiyo hakwenda mwaloni kuchukua mzigo, kwa maana nyingine hakuwa na cha kuuza hadi kesho yake. Fundi wetu wa cherehani alifunga banda. Saa nne mvua ikashuka. Turubai lilikuwepo, lakini lilikuwa la viti vya wageni, sisi tukaambiwa tusogee pembeni tusiharibu mandhari.

Wasiojua ngoma niwaeleze kidogo. Ngozi ya ng'ombe ikilowa inalegea. Unapiga, mkono unazama, sauti haitoki, ni kama unapiga godoro. Kuirudisha mpaka uwashe moto wa nyasi, uizungushe ngoma taratibu huku unaisikiliza kwa kidole, ukiharakisha ngozi inakauka upande mmoja na kupasuka. Tukaomba ruhusa ya kuwasha moto nyuma ya jengo, tukakatazwa. Saa saba mgeni akashuka kwenye gari, mtu wa itifaki akaanza kutupigia kelele "pigeni, pigeni!" Tukapiga hivyo hivyo. Ngoma kubwa, ile ambayo marehemu babu wa mwenzetu aliichonga kwenye gogo la mringaringa, ikapasuka ngozi kuanzia kwenye kigingi hadi katikati.

Mgeni alifurahi. Alisema kwenye kipaza sauti kwamba utamaduni ni ajira kwa vijana. Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwake nimeshika ngoma iliyopasuka.

Malipo ya siku nzima: soda moja moja na shilingi 50,000 kwa kikundi kizima. Gawanya kwa 14 uone. Ngozi mpya tuliikopa kwa mwenye bucha na bado tunamlipa.

Haya, sasa njoo kwenye mkopo.

Sheria iko wazi. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, na mkopo hauna riba. Tangu 2018 jambo hili limo kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Sisi ni vijana, tuko kwenye kikundi, tunaingiza pesa. Tukaandika andiko: ngoma nne mpya, ngozi za akiba, mavazi, spika mbili na jenereta dogo, kwa sababu harusi nyingi tunazoitwa ziko vijijini ambako umeme si wa kutegemea. Tukaambatanisha daftari. Kiangazi tunapiga hadi harusi nne kwa mwezi, 150,000 kwa harusi. Ukikaa na kalamu unaona kabisa tungerejesha kila mwezi bila kukwama.

Afisa alisoma ukurasa wa kwanza tu. Nanukuu: "Ngoma siyo mradi. Nendeni mkabadilishe, wekeni kuku wa kienyeji, mtapita."

Nikamwambia bosi, sisi hatujui kuku. Akanijibu kwamba hata wengine hawajui, wanaandika.

Hapo ndipo damu ilichemka, maana alisema kweli. Nawafahamu vijana wa kikundi kingine, wacheza maigizo, waliandika kuku wakapata. Pesa ilipoingia wakanunua kuku wachache wa kuonyesha siku ya ukaguzi, ugonjwa wa kideri ukapita, kuku wakafa wote, na sasa vijana wanadaiwa. Hawa watoto wanajua kuigiza kiasi kwamba ukienda kuwaangalia unalia. Wangepewa pesa ya kamera na taa wangekuwa wanarejesha leo. Badala yake wanakimbia namba za simu wasizozijua.

Aprili 2023 mikopo hii ilisimamishwa nchi nzima baada ya ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha pesa hazirudi na vikundi vingine ni hewa. Ikarudishwa 2024. Sasa mimi nauliza, mtu anayemwambia kijana aandike mradi asioujua ili apite, huyo anatengeneza nini kama siyo deni lisilolipika? Kijana anadanganya kwenye fomu kwa maelekezo ya ofisi, halafu mwaka unaofuata ofisi hiyo hiyo inasema vijana hawaaminiki!

Kuna watakaoniambia niende Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania, unaokopesha wasanii kupitia benki. Ni kweli upo, na ni jambo jema upo. Lakini nilipoingia benki moja kuulizia mkopo wa sanaa, swali la kwanza lilikuwa hati ya nyumba. Mimi nimepanga chumba kimoja. Mali yangu ni ngoma.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mkoa huu haujawahi kukosa vipaji hata siku moja. Marehemu Shem Karenga alizaliwa huku Kigoma, jina lake likajulikana na Tabora Jazz. Diamond Platnumz upande wa mama ni wetu. Alikiba ni wetu. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya hapa waliungana wakajiita Kigoma All Stars na nchi nzima ikaona. Kila mkutano majina haya yanatajwa, watu wanapiga makofi. Lakini nionyesheni studio moja ya umma hapa mwisho wa reli. Nionyesheni ukumbi ambao kikundi kinaweza kufanya mazoezi bila kukodi. Sisi tunafanya mazoezi chini ya mwembe, na jirani mwenye mgonjwa akituomba tuache, tunaacha.

Na wageni wapo, msiseme hakuna soko. Wanashuka hapa kwenda Gombe na Mahale kuangalia sokwe. Wengine wanafika Ujiji kuona pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Wanalala usiku mmoja au miwili, jioni wanakaa wanaangalia ziwa hawana la kufanya. Tulikwenda kwenye hoteli moja tukaomba kupiga mara mbili kwa wiki, 80,000 kwa jioni. Meneja akasema tupige bure miezi mitatu "tujitangaze" kwanza. Mpishi wake anajitangaza? Mlinzi wake je?

Ninachodai ni vitu viwili tu. Cha kwanza, andiko la sanaa lisomwe kama andiko la kuku linavyosomwa: mapato kiasi gani, matumizi kiasi gani, marejesho lini. Likiwa bovu likataliwe, sitalalamika. Cha pili, ukituita kazini, tulipe. Bajeti ya ziara ina pesa ya turubai, ya viti, ya muziki wa spika, ya chakula. Anayekodisha viti halipwi kwa uzalendo.

Naongezea: jana imeletwa barua nyingine, kuna uzinduzi wa mradi mwezi ujao, saa 12 asubuhi, sare kamili. Tulikaa kikao usiku chini ya mwembe. Wawili walisema twende tu tusije tukaonekana wakorofi, tukabishana hadi saa tano. Leo asubuhi nimepeleka majibu kwa mkono: ankara ya 350,000, nusu kabla ya siku, na sehemu kavu ya kuweka ngoma. Katibu muhtasi ameisaini kuwa ameipokea. Nakala ninayo.