Reli ya modeli bustanini: theluji inakuja, niing'oe au niiache?

Taruma45
Wakuu, habari zenu. Nina reli ya modeli bustanini, upana milimita 45, mzunguko wa mita 30 hivi. Vyuma ni vya brasi, vimelazwa juu ya kokoto, na umeme wa DC (mkondo wa upande mmoja) hadi volti 22 unapita kwenye reli zenyewe. Nataka treni iendelee kutembea msimu wote wa baridi. Ila asubuhi zenye jalidi (umande ulioganda) kichwa cha treni kinakatakata upande wa kivuli, na kuna sehemu njia imeinuka kama imefura. Niing'oe? Na kichwa cha mvuke kinachotumia gesi kitakubali baridi hii?

FundiKokoto
Usiing'oe mkuu. Theluji haiidhuru brasi, na mataruma (vipande vinavyolaliwa na reli) ya plastiki yaliyotengenezwa kukaa nje yanavumilia. Adui ni maji yaliyotuama. Yakiganda yanaongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, basi udongo uliolowa chini ya njia unavimba na kuisukuma juu.

Hapo palipofura, fukua sentimita 10 hadi 15. Chini weka kokoto za kupasuliwa za milimita 10–20, zilizooshwa, zisizo na vumbi wala mchanga. Juu malizia kwa sentimita 3 au 4 za kokoto ndogo za milimita 3–6, zenye kona. Za mtoni zilizo laini zinateleza, hazishiki mataruma. Kama udongo umeshaganda, subiri uyeyuke. Ukiigonga reli irudi chini wakati barafu iko chini yake, utaipinda bure.

Angalia na maungio. Kipande cha brasi cha mita 1.2 kinasinyaa kama milimita 1 joto likishuka kutoka nyuzi 35 za joto hadi nyuzi 10 chini ya sifuri. Ukilaza wakati wa baridi, acha nafasi ya milimita 1 kila ungio. Ukizibana kabisa, joto likirudi njia itapinda kama nyoka.

Volti22
Kukatakata kuna sababu mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni jalidi yenyewe: utando wa barafu juu ya reli unazuia umeme. Funga kitambaa kwenye kipande cha mbao, kilowanishe kidogo kwa spiriti ya isopropili, pitisha juu ya reli, na usubiri ikauke kabla ya kuwasha umeme. Usitumie pamba ya chuma: nyuzi zake zinavutwa na sumaku ya mota na kuingia ndani. Chumvi usiiguse kabisa, inakula brasi na kuua mimea. Maji ya moto nayo yanaganda tena baada ya dakika chache, safari hii ndani ya pointi (pale njia inapogawanyika).

Ya pili ni maungio. Pima volti upande wa mbali huku treni ikitembea. Ikiwa zinapungua kwa zaidi ya 2 kulinganisha na pale umeme unapoingilia, weka vibano vya skrubu na grisi ya kupitisha umeme, halafu vuta waya wa pili hadi upande huo. Transfoma ibaki ndani ya nyumba.

Theluji kavu isiyozidi sentimita 3 juu ya reli, plau ya theluji iliyofungwa kwenye behewa zito inaisukuma vizuri, na inapendeza mno kuitazama. Ikizidi hapo, fagia kwanza kwa brashi laini. Theluji yenye maji inajikandamiza kwenye mifereji ya pointi. Itoe kwa kijiti cha mbao. Treni ikikwama magurudumu yamesimama, kata umeme papo hapo, mota inaungua.

BoilaKavu
Kuhusu mvuke: gesi ya butani inachemka karibu na nyuzi 0.5 chini ya sifuri, kwa hiyo kwenye baridi haitoki tangini kwa nguvu. Tumia mchanganyiko wa butani asilimia 70 na propani asilimia 30, kama mtengenezaji ameuruhusu. Propani tupu hapana, shinikizo lake ni kubwa mno kwa tangi dogo. Kama tangi la gesi limekaa ndani ya bafu lake la maji, bafu hilo lijaze maji ya vuguvugu, yasiyozidi nyuzi 40.

Ukimaliza, mwaga maji ya boila kabla halijapoa na uache kizibo wazi. Usisahau kile kikopo cha mafuta ya silinda: mvuke unaacha maji chini yake, na wengi hukikumbuka kikishapasuka.

Taruma45
Asanteni sana. Nikihamia betri za lithiamu nitaepuka hili la jalidi?

Volti22
La umeme kwenye reli, ndiyo, ila magurudumu kuteleza kutabaki. Betri zitadumu muda mfupi zaidi kwenye baridi, na usizichaji zikiwa chini ya nyuzi 0, zinaharibika ndani. Ukiingiza treni nyumbani, iache kwenye sanduku lililofunikwa saa mbili hivi kabla ya kulifungua, la sivyo umande utajikusanya juu ya saketi. Ndipo uchomoe betri na kuichaji.